Sahihi Kwenye Safu ya Mhandisi

Mzee Otema hakuwa na gari na hakuwahi kuwa nalo. Hakuwa na maji ya bomba tangu mwezi wa tatu. Hakuwa na taa ya barabarani mbele ya nyumba yake, kwa sababu nguzo ilianguka, na watu waliokuja kuiinua waliondoka nayo. Hakuwa na magego mawili ya upande wa kushoto, wala hakuwa na Joska, mkewe, aliyezikwa kwao Kitgum miaka minne iliyopita. Hakuwa na digrii, hakuwa na diploma. Alikuwa na vyeti vitatu vya masomo ya jioni, alivyovisomea mtaa wa Wandegeya baada ya saa za kazi akiwa mtu mzima mwenye watoto, akavitia fremu na kuvitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni hana budi kuviona. Mtaa mzima ulimwita Injinia, lakini uhandisi hakuwa nao. Na tangu Jumatatu ile barabara ilipotumbukia, hakuwa na uso wa kumtazama rafiki yake Dawudi.

Barabara yenyewe si kubwa. Inateremka kutoka kilima cha Naguru, inapita katikati ya nyumba za mtaa, inavuka bonde dogo la maji, kisha inapanda kuelekea Ntinda. Pale bondeni maji hupita chini yake ndani ya kalvati, yaani mabomba makubwa ya zege yaliyofukiwa ardhini. Mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri. Saa moja asubuhi Dawudi alitoka kwenda kununua mkate. Kwa macho barabara ilikuwa nzima. Alipofika bondeni ikafunguka chini ya miguu yake, naye akaenda nayo.

Walimtoa kwa kamba na ngazi, nyonga imevunjika. Gari la wagonjwa lilifika upande wa pili, likasimama ukingoni mwa shimo, dereva akatazama, akapiga simu, akaogopa ukingo usimeguke, akageuza gari. Basi wanaume sita wakamlaza Dawudi juu ya mlango waliong'oa upesi, wakambeba kupanda mlima hadi barabara ya Ntinda, penye magari. Otema alikuwa mmoja wa sita hao, pamoja na miaka yake sitini na minane, naye alishika pembe ya upande wa kichwa.

"Injinia," Dawudi alimwambia kutoka chini, jasho likimtoka, "huu mlango si wa choo changu?"

"Ndio wenyewe."

"Basi fanyeni haraka. Pengine kuna mtu ndani anaungoja."

Wabebaji walicheka hadi nusura wamwangushe. Otema naye alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomrudia baadaye mara nyingi kuliko jambo lingine lolote.

Mtaa ule ni wa watu wa magwanda. Ni wastaafu wa polisi na jeshi, wajane wao na watoto wao. Waacholi wapo, Wanubi wapo, na wengine waliofika kwa uhamisho wakasahau kuondoka. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili cha kambini, kilichopunguzwa hapa na kuongezwa pale ili kila mtu aweze kukibeba. Dawudi alikuwa Mnubi, mstaafu wa bendi ya polisi, aliyepuliza tarumbeta katika gwaride kwa miaka thelathini na mmoja na kutoka na mapafu ya ng'ombe na sauti ya kulingana nayo. Kila siku saa kumi alasiri yeye na Otema walicheza dama kwa vifuniko vya soda. Nyonga haikubadilisha ratiba. Tangu arudishwe kutoka hospitali, kitanda chake kiliwekwa karibu na dirisha, ubao wa dama juu ya stuli, na Otema kwenye kiti cha plastiki.

Wiki ya tatu Husnah, mke wa Dawudi, alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama juu yao kama askari wa zamu.

"Shemeji, mtaa umekaa na kukubaliana. Tunaandika barua. Na barua ya mtaa huu ni mkono wako."

Hilo lilikuwa kweli. Otema ndiye aliyeandika barua ya maji, barua ya nguzo ya umeme na barua ya takataka. Hakuna hata moja iliyojibiwa, ila wote walikubali kwamba ziliandikwa vizuri.

"Nitaandika, Mama Latif," alisema Otema.

"Na uweke jina la Kidega. Yeye ndiye aliyesimamia vibarua pale bondeni, sote tulimwona. Anakaa hapa hapa, watoto wake wanaruka shimo la baba yao kwenda shule, na haoni haya."

"Kidega ni dagaa," alisema Dawudi. "Sikiliza, Injinia. Mimi nilikuwa bendi, lakini polisi ni polisi. Kila kazi ya serikali ina karatasi yake, na kila karatasi ina mtu mmoja kule chini kabisa aliyeandika kwamba nimeona, ni sawa. Huyo ndiye ninayemtaka mimi. Waulize ofisini jina lake. Wallahi nikisimama nitakwenda kwake na gongo hili, nimwambie, bwana mkubwa, hebu nionyeshe na mimi ulichokiona."

"Ukisimama," alisema Husnah, "utaanza kwa kwenda chooni peke yako."

"Umeona ninavyotendewa? Mgonjwa mzima! Cheza, Injinia."

Otema alisukuma kifuniko. Dawudi alikula vitatu kwa mpigo mmoja, akavipanga kwenye shuka kwa furaha.

"Wiki hizi unacheza kama mtu mwenye homa," alisema.

Yule mtu wa kule chini kabisa kwenye karatasi alikuwa amekaa mbele yake kwenye kiti cha plastiki. Otema aliaga mapema siku hiyo, akasema ana barua ya kuandika.

Kwa miaka thelathini na miwili Otema alikuwa mkaguzi katika ofisi moja ya kazi za mji, na kazi yake ilikuwa kushuka mitaroni. Bomba la kalvati halilazwi juu ya udongo mtupu. Hutandikiwa kokoto na zege, likalala juu yake kama mgonjwa juu ya godoro, na kabla ya kufukiwa, mkaguzi hushuka akapima mteremko, akagonga kila bomba kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Bomba zima hulia. Bomba lenye ufa hujibu kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Otema aliweza kusimama mtaroni na maji yamefika magotini, macho amefumba, akagonga mabomba ishirini, akasema la kumi na nne litolewe. Aliwahi kuwafanya mafundi wafukue mita arobaini kwa ajili ya bomba moja. Wakandarasi walimchukia, naye aliivaa chuki yao kama nishani. Maana mtaro ukishafukiwa umefukiwa, na sheria ya kazi ile ilikuwa moja tu: udongo haurudi mpaka mkaguzi ameona.

Siku yake ya mwisho kazini ilikuwa Ijumaa, miaka minane iliyopita. Ofisi ilikuwa imemwandalia chakula cha mchana cha kumuaga. Joska alimnyooshea suti ya kijivu, na viatu vilikuwa vipya, vya kahawia, vya ngozi hasa. Saa nne asubuhi Ojera aliingia na fomu mkononi. Huyu Ojera alikuwa mhandisi kijana mwenye digrii, na ni Otema aliyemfundisha kugonga mabomba.

"Mzee, imebaki moja tu, ile kalvati ya mtaani kwenu. Gari la mkandarasi linatungoja nje."

Gari lilikuwa la mkandarasi kwa sababu la ofisi lilikuwa juu ya mawe mwaka wa pili, halina magurudumu. Wakaguzi wote siku hizo walikwenda kukagua wakiwa ndani ya magari ya watu waliokaguliwa. Mwanzoni jambo hilo liliwachoma. Baadaye walianza kulalamika dereva akichelewa.

Fomu ilikuwa na safu mbili za sahihi. Kushoto, mkaguzi. Kulia, mhandisi msimamizi. Kwa miaka thelathini na miwili Otema alisaini kushoto, kisha akasukuma karatasi kuelekea kwa kijana fulani aliyetoka chuo kikuu juzi, ambaye hakuwahi kuonja matope, naye akasaini kulia.

"Leo saini huku kulia, mzee," alisema Ojera, akiweka kidole pale. "Kushoto nitasaini mimi. Wewe ndiye injinia wa ofisi hii, sisi wengine tuna makaratasi tu."

Kama Ojera angemletea ng'ombe asingefurahi vile.

Walipofika bondeni mtaro ulikuwa umekwisha fukiwa, udongo mwekundu umeshindiliwa, barabara imetandazwa safi. Kidega alikuwa amesimama pembeni na sepetu. Alikuwa Mwacholi mwenzake, mtu wa watu, aliyeanza kama kibarua wa kuchota maji na kupanda hadi kusimamia wenzake. Alimwita Otema Ladit, kama wanavyomwita mkubwa wa kuheshimiwa huko kwao.

"Ladit, waliniambia nifukie jana jioni," alisema, sauti chini. "Nipe saa moja. Nifungue upande huu mmoja, ushuke uone ilivyo."

Otema alitazama viatu vyake. Alitazama dereva, ambaye hakuzima injini. Alifikiria wageni, na hotuba yake aliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Nakuamini, mwanangu," alisema.

Akaitandaza fomu juu ya boneti, akasaini upande wa kulia kwa mwandiko wake bora, na mbele ya jina akaandika Inj. Kidega alimtazama hadi alipomaliza. Kisha akageuka, akaanza kusafisha sepetu ambalo halikuwa chafu.

Hayo ndiyo aliyoyabeba Otema nyumbani kutoka kwa Dawudi. Aliketi mezani, akatoa karatasi, akaandika tarehe, na kalamu ikakwama hapo mpaka jua likazama.

Asubuhi Kidega mwenyewe alikuja. Alipiga hodi, akavua kofia, akakataa kiti.

"Umeamkaje, Ladit?"

"Nimeamka. Filda na watoto?"

"Wapo. Nimesikia unaandika barua."

"Mtaa unaandika. Mimi ni mkono tu."

"Sawa. Na huo mkono utaandika jina langu?"

 Otema alianza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Jana Filda alikwenda kwenye chemchemi," alisema Kidega. "Wanawake wakamwambia, dada, kwa nini unajisumbua kupanga foleni na sisi? Nenda ukachote kwenye shimo la mumeo, mna kisima cha binafsi. Akarudi na mtungi mtupu. Hakuniambia. Mtoto ndiye aliyeniambia."

"Kwa nini hukusema?" Otema aliuliza ghafla, kwa ukali ambao yeye mwenyewe hakuutarajia. "Wiki tatu unatukanwa. Unajua ni nani aliyesaini. Mdomo huna?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Nje mtu alipita akiburuta madumu matupu, na wote wawili walisubiri kelele ipite.

"Ni wewe uliyenionyesha kwamba bomba linagongwa," Kidega aliendelea. "Kila asubuhi nilijiambia, leo Ladit atatoka aseme. Badala yake nikaona unazunguka nyuma ya nyumba za watu ili usipite mlangoni kwangu. Mzee wa umri wako, unaruka mitaro ya maji machafu kunikimbia mimi."

Otema alihisi damu ikimpanda masikioni kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Alikuwa amedhani hakuna aliyemwona.

"Kulikuwa na nini kule chini?" aliuliza hatimaye. Katika miaka minane hakuwahi kuliuliza swali hilo.

"Matope. Kokoto zilifika lori moja, la pili halikuja. Mabomba mengi yalilala kwenye matope matupu. Na la tatu lilikuwa na ufa, kidole kinaingia."

"Uliona."

"Niliona. Na nilifukia, kwa sababu niliambiwa nikisita kuna wengine ishirini wanaotaka sepetu langu. Sikatai, Ladit. Ukiandika langu, liandike lote. Ila usiandike langu peke yake."

Alivaa kofia akaondoka, bila kuaga kwa jina la heshima.

Otema aliandika mchana kutwa. Barua ya kwanza ilianza hivi: *Imebainika kwamba taratibu za ukaguzi hazikuzingatiwa ipasavyo.* Ilikuwa sentensi ya aina aliyojifunza Wandegeya, na zamani angeisoma mara mbili kwa kujipongeza. Sasa aliisoma akaona kwamba ndani yake hamna mtu hata mmoja. Shimo lilikuwa limejichimba na fomu imejisaini. Akaichana. Barua ya pili ilianza na Ojera, ambaye siku hizo alikuwa Juba akijenga barabara za watu wengine. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini alipofika ukurasa wa pili aligundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa bado hajatokea. Akaichana nayo. Ya tatu aliiandika polepole, bila kufuta neno.

Kesho yake saa kumi hakwenda moja kwa moja kwa Dawudi. Alipita kwa Kidega, akamwambia, "Twende," na Kidega akatazama karatasi mkononi mwake, akamfuata.

Husnah alipowaona mlangoni alisimama katikati ya njia.

"Huyu anafuata nini kwangu?"

"Nimemwita mimi, Mama Latif. Naomba aingie. Barua imekwisha, na lazima aisikie."

"Mwache aingie," Dawudi alipaza sauti kutoka kitandani. "Apate kuona godoro nililonunuliwa na barabara yake. Injinia, soma, lakini soma kwa sauti ya bungeni. Nataka majirani wasikie bure."

Otema hakuketi. Alivaa miwani, akasoma.

"Kwa Katibu, Ofisi ya Kazi za Mji. Sisi wakazi wa bondeni, chini ya kilima cha Naguru, tunalalamika juu ya barabara yetu iliyotumbukia na kumvunja nyonga mzee Dawudi, mstaafu wa bendi ya polisi. Sababu tunaijua, kwa kuwa mtu aliyeidhinisha kazi hiyo anaishi kwetu. Ni mimi, Otema, niliyekuwa mkaguzi wenu. Nilisaini kwamba kalvati imekaguliwa, nami sikuikagua. Nilikuta mtaro umefukiwa. Msimamizi wa vibarua, Kidega, aliomba saa moja aufungue nishuke nione, nikakataa kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu vipya na nilikuwa na karamu. Nilisaini kwenye safu ya mhandisi. Mimi si mhandisi. Kidega naye alifukia akijua kwamba mabomba yamelala kwenye matope, na kwamba moja lina ufa, kwa kuwa aliamriwa."

Jikoni mafuta yalikuwa yakilia kwenye kikaango. Husnah hakwenda kuyatazama.

"Tunaomba mambo haya, na safari hii hatuombi kwa upole. Kalvati ifukuliwe yote, msilete lori la udongo kuziba shimo. Kalvati nyingine zilizojengwa mwaka ule na mkandarasi yule zifunguliwe kabla hazijafunguka zenyewe. Mkaguzi asipande tena gari la anayemkagua. Mkikosa gari, mpeni nauli ya bodaboda. Anayefukia mtaro kabla ya ukaguzi aufukue kwa gharama yake, hata kama barabara imeshapendeza. Wakazi waitwe wasimame ukingoni waone mabomba kwa macho yao. Na majina ya wote waliosaini yaandikwe kwenye ubao pale pale barabarani, wapita njia wayasome. Anzeni na langu. Kama kuna adhabu, ninaishi nyumba ya tatu kutoka shimoni."

Alivua miwani. Akaificha karatasi nyuma ya mgongo.

Dawudi alikuwa akitazama dari. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, sauti ambayo Otema hakuwahi kuisikia kutoka katika kifua kile.

"Soma tena pale pa viatu."

Otema alisoma tena pale pa viatu.

"Rangi gani?"

"Ya kahawia."

"Vile ulivyovaa kwenye arusi ya Abdul-Latif wangu."

"Vile vile."

"Nilivisifu."

"Ulivisifu."

 "Ulishika mlango upande wa kichwa changu. Nikakutania, ukacheka."

"Nilicheka."

"Wiki tatu unakaa hapo. Nakuambia nitamwendea huyo mtu na gongo, nawe unasukuma vifuniko. Nami nikadhani nimekuwa bingwa wa dama."

"Sina la kusema, Dawudi."

"Unalo sana. Umeliandika kurasa mbili." Akageuza kichwa, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kusoma, na ni Otema aliyeinamisha macho. "Ungeniambia siku ile ya mlango, ningekutukana mpaka Ntinda, na yangekuwa yamekwisha. Nyonga ni mfupa. Lakini kila siku saa kumi, bwana! Kila siku!"

Husnah alimgeukia Kidega. "Na wewe ulikaa kimya."

"Nilikaa kimya, mama."

"Mpumbavu." Alikwenda jikoni, akaipua kikaango, akarudi. Aliongea akitazama ukuta. "Mwambie Filda aje achote kwenye tangi langu. Leo. Na yule atakayefungua mdomo kwenye chemchemi, anitafute mimi."

"Leteni kalamu," alisema Dawudi.

Otema alimpa yake. Dawudi aliiweka karatasi juu ya ubao wa dama, akasaini kwa herufi kubwa zilizolala upande, akibana meno kwa maumivu ya kujiinua.

"Usidhani nimekusamehe," alisema. "Hii ni karatasi ya malalamiko, nami ninalo la kulalamikia. Kesho usije. Keshokutwa usije. Nikikutaka, nitamtuma mtu."

"Nimesikia."

Kidega alisaini chini ya Dawudi, Husnah akasaini chini ya Kidega, na wa mwisho akawa Otema, ambaye aliandika jina lake tupu. Aliikunja barua mara tatu, kingo zikalingana kama alivyozoea, akaitia ndani ya bahasha na kulamba ukingo. Gundi ilikuwa ya zamani, haikushika. Alilamba tena, ukafunguka tena, huku wote watatu wakimtazama.

"Lete hapa," alisema Husnah. Alichukua bahasha, akachovya kidole kwenye posho, yaani ugali, iliyobaki sufuriani tangu mchana, akapaka ukingo wote, akaufunika na kuukandamiza kwa kiganja juu ya stuli, uzito wake wote juu yake, mpaka aliporidhika.

Otema alinyoosha mkono. "Nitaipeleka mimi. Ofisi ile naijua, dirisha la kupokelea barua lipo upande wa nyuma."

"Hapana, shemeji," alisema Husnah. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Karatasi moja tulishakuachia wewe peke yako."

Alijitanda ushungi, akaitia bahasha ndani ya mkoba, akafunga zipu. Kutoka dirishani Otema alimwona akishuka bondeni, akivuka shimo juu ya mbao mbili ambazo vijana wa mtaa walikuwa wameziweka, mkono mmoja umebana mkoba ubavuni. Upande wa pili aliita bodaboda, akapanda kwa kuketi upande, akampiga dereva begani.

"Mjini," alisikika akipaza sauti. "Na ukimbie, wanafunga saa kumi na moja."